Mvua Ipo, Lakini Inakwenda Wapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Hali ya Hewa ya Kitui

Barua za toleo hili zimetoka karibu zote Kaunti ya Kitui, kaunti ya takriban kilomita mraba 30,500 ambako mtu anaweza kutoka mjini asubuhi ya Julai amevaa sweta na kufikia adhuhuri akawa anatafuta kivuli tambarare za mashariki. Tumezifupisha kidogo. Aliye Makueni au Tharaka naye atakuta chake humu, ila hesabu azifanye kwa vipimo vya kwake.

Redioni husemwa kwamba Kitui hupata hadi milimita 1,050 za mvua kwa mwaka na kwamba sisi ni "nusu kame". Huku upande wa Mutha mvua ya namna hiyo hatuijui. Nimepima miaka minne, wastani wangu ni milimita 450. Simu inaonyesha niko mita 650 kutoka usawa wa bahari. Nani amekosea?
*Mwalimu, Kitui Kusini*

Hakuna aliyekosea, Mwalimu. Ni kwamba mmepewa nguo ya kipimo kimoja na miili yenu hailingani. Kaunti inaanzia mita 400 hivi na kupanda hadi karibu 1,800. Hewa yenye unyevu ikigonga kilima hupanda, hupoa, ikamwaga maji. Hewa hiyohiyo ikiwa juu ya tambarare hujipitia na maji yake. Ndiyo maana Mumoni na vilima vya Mutitu hubaki na ukijani wakati mbuga zilizo chini yake zimeshakuwa kahawia. Hizo 1,050 ni za vilimani. Tambarare za mashariki na kusini huwa kati ya 250 na 500, na 450 yako imo humo.

Sasa, neno "nusu kame". Mvua peke yake haitoshi kulitolea hukumu, kwa sababu jambo lenyewe ni kile kinachobaki baada ya jua kuchukua chake. Wataalamu wa udongo nchini Kenya hulinganisha mvua ya mwaka na uvukizi, yaani maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyanyonya kwenye beseni lililo wazi mwaka mzima. Uvukizi hukadiriwa kwa kimo: 2,422 toa (0.358 mara mita za kimo). Kwako: 0.358 × 650 = 233; 2,422 − 233 = milimita 2,189. Gawanya mvua yako kwa hiyo: 450 ÷ 2,189, sawa na asilimia 21 hivi.

Soma hivi: asilimia 40 hadi 50 ni kanda ya nne, ya mpito kuelekea ukame, 25 hadi 40 ni ya tano, nusu kame, 15 hadi 25 ni ya sita, kame, chini ya 15 ni kame kabisa. Kwa hiyo wewe hauko nusu kame, uko kame. Jirani yako wa Kitui mjini, penye mita 1,150 hivi, akipata milimita 900 anakuwa na asilimia 45. Wote wawili mna gavana mmoja, lakini ushauri wa kilimo unaomfaa yeye utakufilisi wewe. Katika kanda ya sita mahindi ni bahati nasibu. Mtama, mawele, kunde, ndengu na mbuzi ndio wenye uhakika kidogo. Wastani wa kaunti unamfaa anayepanga bajeti, si mwenye jembe.

Tahadhari moja: miaka minne ni michache. Wastani wa hali ya hewa huhesabiwa kwa miaka 30, na mwaka mmoja kama 2023 unaweza kuivuta hesabu yako juu bila haki. Endelea kupima.

Shuleni tulifundishwa kwamba mvua ndefu ni za Machi hadi Mei, na fupi ni za Oktoba hadi Desemba. Hapa kwetu masika huja siku chache ikapotea, vuli ndiyo inayotulisha. Ni hali ya hewa imebadilika au ni vitabu?
*Mama, Zombe*

Ni vitabu, Mama, kwa sehemu kubwa. Majina hayo yanafaa Mombasa, ambako mwezi wa Mei ndio wenye mvua kubwa, na yanafaa nyanda za juu za kati. Ukambani yamepinduka: Novemba ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, Aprili unafuata nyuma.

Sababu ya kwanza ni upepo. Novemba upepo wa kutoka mashariki huingiza unyevu wa bahari moja kwa moja bara. Kufikia Mei kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshashika, nayo hupita sambamba na pwani ikielekea Somalia na hatimaye India. Haipandi, na hewa isiyopanda haitoi mvua. Hivyo masika yenu hukatwa kichwa mapema.

Sababu ya pili ni joto la bahari yenyewe. Bahari ya Hindi ya upande wetu ikiwa na joto kuliko ya upande wa Sumatra, huko Indonesia, vuli hunenepa. Ndivyo ilivyokuwa 2019. El Niño, yaani joto la ziada katika Bahari ya Pasifiki, nayo huongeza, na mwaka 2023 vyote viwili vilikutana. La Niña, yaani Pasifiki hiyo ikipoa, hufanya kinyume: kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022 misimu mitano mfululizo ilishindwa katika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Kenya. Kilicho muhimu kwenu ni kwamba bahari hizi zina mkono mrefu kwenye vuli na mkono mfupi kwenye masika. Kwa hiyo utabiri wa vuli unaotolewa Agosti na Septemba unaaminika kuliko ule wa masika unaotolewa Februari.

Samadi nzuri, mbegu nzuri na nguvu za watu ziwekeni kwenye vuli. Machi pandeni kinachokomaa haraka, au malisho. Mbaazi za muda mrefu ni wajanja kuliko sote: hupandwa na mvua ya vuli, huvuka jua la Januari na Februari kwa mizizi yao mirefu, kisha humalizia na mvua ya Aprili.

Kikundi chetu kinataka kupima mvua katika boma kumi, lakini kipimo cha dukani ni ghali. Kuna njia ya kujitengenezea kinachotoa namba za kweli?
*Katibu wa kikundi, Migwani*

Ipo, na si ngumu. Tafuta faneli ya plastiki yenye mdomo wa duara kamili, chombo cha lita 5 chenye shingo inayoikalisha vizuri, na sirinji ya mililita 20 au 50 kutoka duka la dawa za mifugo (bila sindano).

Pima kipenyo cha faneli kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Tuseme ni sentimita 20. Nusu yake ni 10, na 10 × 10 × 3.14 ni sentimita mraba 314. Basi kila mililita 31.4 za maji utakazokuta chomboni ni milimita 1 ya mvua. Mililita 314 ni milimita 10. Faneli ya kipenyo kingine ina namba yake, kwa hiyo kila boma iandike namba yake juu ya chombo kwa rangi. Kosa linaloharibu vikundi vingi ni hili: watu kumi, faneli za aina tatu, hesabu moja.

Fukia chombo nusu ardhini ili kisipate joto na kisiangushwe na mbuzi. Ukingo wa faneli uwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi, la sivyo matone yanayoruka kutoka kwenye udongo yatahesabiwa mara ya pili. Weka sawa, faneli iliyoinama hupokea pungufu upepo ukivuma upande wa pili. Kutoka kwenye mti au nyumba, nenda umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake: mti wa mita 6, mita 12.

Msishawishike na chupa ya lita moja na nusu. Kwa faneli ya sentimita 20 hujaa mvua ikifika milimita 48, na usiku mmoja wa Novemba unaweza kuvuka hapo, kinachofurika hakirudi. Ile ya lita 5 hubeba hadi 159. Kopo wazi la maziwa nalo ni baya kwa njia nyingine, maana jua la asubuhi hunywa milimita moja au mbili kabla hujaamka.

Someni saa tatu asubuhi kila siku, saa ileile vituo vya hali ya hewa vinayosomea. Mwaga maji, toa majani na nyigu, rudisha. Siku isiyo na mvua andikeni 0. Nafasi tupu si sifuri, kwa kuwa mwakani hakuna atakayejua kama mvua haikunyesha au msomaji alikwenda harusini.

Septemba tuliambiwa vuli itakuwa "zaidi ya kawaida". Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 18 Oktoba, nikapanda ekari mbili za ndengu kesho yake. Ikakatika wiki mbili na nusu, zote zikanyauka. Msimu ukaishia kweli na mvua nyingi! Utabiri wa namna hii unanisaidia nini?
*Mkulima, Kyuso*

Ndugu, pole. Utabiri ulisema kweli, ila ulijibu swali ambalo hukuuliza. Wewe ulitaka kujua siku ya kupanda. Wao walikuambia jumla ya msimu. Milimita 300 zinaweza kunyesha kwa siku 30 au kwa siku 6, na karatasi ya mwisho ikasoma sawa.

Halafu kuna namna ya kusema kwenyewe. Utabiri wa msimu hutolewa kwa mafungu matatu, kwa mfano asilimia 45 zaidi ya kawaida, 35 kawaida, 20 chini ya kawaida. Redioni husomwa lile fungu kubwa peke yake. Lakini 45 maana yake ni kwamba kati ya misimu 100 ya namna hiyo, 55 haitakuwa zaidi ya kawaida. Fikeni ofisi ya hali ya hewa ya kaunti mkaulize mistari ambayo haisomwi: mvua inatazamiwa kuanza wiki ya ngapi, itakatika lini, na mtawanyiko wake utakuwaje. Kwa pande zenu mara nyingi huanza kati ya wiki ya tatu ya Oktoba na wiki ya kwanza ya Novemba, na kukatika katikati au mwishoni mwa Desemba.

Mvua ya kwanza ina jina baya kwa haki. Subiri ikusanye angalau milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu. Kisha chukua jembe, chimba katikati ya shamba, si kwenye mfereji. Udongo wenye unyevu ukifika sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, na ukiufinyanga mkononi unashikana, panda siku hiyohiyo. Ukikuta unga mkavu kwenye sentimita 8, rudi nyumbani.

Wapo wanaopanda kavu kabla ya mvua, na wanapopatia hupata faida ya siku kadhaa, jambo kubwa katika msimu wa siku 60. Kwa mtama na mahindi ni sawa mradi mbegu izame vya kutosha hata manyunyu yasiiamshe. Kwa ndengu sishauri sana: udongo mwekundu wa huko hufunga ganda baada ya mvua kubwa ya kwanza, na mche wa ndengu uliozama hauna kifua cha kulivunja.

Theluthi ya mbegu ibaki ndani kila mara. Na kama umechelewa hadi katikati ya Novemba, chagua ndengu aina ya N26, ile ambayo sokoni huitwa nailoni. Hukomaa kwa takriban siku 60 hadi 65. KS20, yaani ankoli, ina punje kubwa na bei tamu, ila hukaa shambani muda mrefu zaidi.

Kipimajoto changu ukutani kilifika nyuzi 43 mwezi wa Februari, habari zikasema 34. Je, wanatuficha?
*Kijana, Mutomo*

Hapana. Kipimajoto kikipigwa na jua, au kikiegemea ukuta uliopigwa na jua, hakipimi hewa, kinajipima chenyewe. Kitoe ukutani. Kitundike kivulini, mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, ndani ya kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe na chenye pande za mbao zilizopangwa kama madirisha ya luva ili upepo upite. Kisikae juu ya saruji wala karibu na mabati. Tofauti ya nyuzi 8 au 9 itayeyuka.

Nyumba yetu ya mabati ni mita 8 kwa 6. Fundi anataka tuweke tangi la lita 5,000, binti yangu anasema 10,000. Tupo watu watano.
*Mzee, Mwingi*

Binti yuko sahihi, Mzee. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa lako lina mita mraba 48 (pima sakafu pamoja na ukingo wa paa, si mteremko wa mabati). Vuli ya milimita 300 ni lita 14,400. Ondoa sehemu moja kwa tano kwa yanayoruka, kuvuja na kukauka, zinabaki 11,520. Tangi la 5,000 lingejaa Novemba na kumwaga kilichobaki mlangoni. Kwa watu watano, lita 20 kila mmoja kwa siku, 11,520 ni siku 115: kutoka mwanzo wa Januari hadi karibu mwisho wa Aprili. Lita 10,000 hufika siku 100.

Pesa zikipungua, punguza kwenye tangi, usipunguze kwenye mifereji. Mara nyingi utaona tangi zuri limeunganishwa na mfereji wa upande mmoja wa paa, yaani nusu ya mvua. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi isiingie: mwaga lita 40 hivi za mwanzo, zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Kijito chetu kinachoingia Mto Tiva hutiririka siku chache tu, kisha tunachimba maji mchangani. Tunataka kujenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kukinga kijito ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Kwa nini mabwawa mengine yana maji hadi Septemba na mengine hukauka Februari?
*Kikundi cha akina mama, Kitui Kusini*

Mnafanya jambo la busara, maana silanga, yaani bwawa la udongo, likiwa wazi katika jua la kwenu hupoteza karibu mita mbili za maji kwa mwaka hewani. Kwenye mchanga mkubwa, maji yakishuka sentimita 60 chini ya uso, uvukizi hubaki kama sehemu ya kumi ya ule wa maji ya wazi.

Tofauti mnayoiona huanza na mchanga wenyewe. Upimeni kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji. Tobolea ndoo ya lita 20 tundu dogo chini, lizibe, jaza mchanga mkavu wa kijito hadi ukingoni. Mimina maji polepole kwa kipimo hadi yaonekane juu. Yakiingia lita 7, mchanga unabeba asilimia 35. Kisha zibua tundu, acha yachuruzike saa kadhaa, pima yaliyotoka. Hayo ndiyo maji yenu. Yaliyobaki yamegandamana na mchanga na hakuna ndoo itakayoyatoa. Yakitoka lita 5, jengeni. Yakitoka lita moja, ni matope yaliyovaa nguo ya mchanga, tafuteni kijito kingine.

Kosa la pili ni haraka. Ukuta ukipandishwa hadi juu kwa mara moja, mafuriko ya kwanza husimama nyuma yake kama kwenye bwawa la kawaida, na tope laini hutulia chini. Pandisheni mdomo wa ukuta kwa hatua, nusu mita hivi kila msimu. Hivyo tope jepesi hupita juu na mchanga mzito hubaki.

Tatu, msingi. Ukuta ukae juu ya mwamba usio na nyufa, mbawa zake ziingie ndani ya kingo ngumu. Maji yakipata njia kando ya bawa, mafuriko mawili hutosha kuuacha ukuta umesimama peke yake na mto unapita pembeni. Mbele ya ukuta, pale maji yanapoangukia, pangeni mawe makubwa yaliyoshikwa kwa saruji, la sivyo patachimbika na ukuta utalala kifudifudi.

Kibali huombwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kisima kijengwe ukingoni chenye pampu ya mkono, na ng'ombe wanyweshwe chini ya ukuta, wasikanyage juu. Malori ya mchanga yasikubalike hata siku moja. Anayeuza mchanga huo anauza tangi.

Na hadi mtakapojenga, anayechimba mchangani mwezi wa Novemba asiangalie mbingu iliyo juu yake pekee. Mvua hunyesha vilimani, na maji hufika penye jua kali bila wingu. Mtu mmoja abaki ukingoni akitazama juu ya mto, na ngazi au njia ya kutokea shimoni iwe tayari kabla ya mtungi wa kwanza kujazwa.